Valvu Ikiwaka Nyekundu, Tuulize Kwanza Kiti Ilichokalia

Hotuba ya Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika, viongozi wa kwaya na wageni wafadhili, katika semina ya karakana za vijana iliyofanyika Isaka

  

Tunawashukuru kwa kufika. Wengine mmeamka usiku kuwahi basi kutoka Kakola na Geita, wengine mmetoka Tabora kwa reli. Kwa kawaida, nafasi kama hii ofisi yetu huitumia kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Taarifa hiyo mnayo mikononi, na maswali yake tutayajibu mchana. Asubuhi hii tumeomba tuzungumzie kitu kimoja tu, nacho ni hii amplifaya ya gitaa mnayoiona hapa mezani. Ilituunguzia valvu nne, na ilibaki kidogo itupotezee na fundi. Tunaona ina somo kwa kila kamati iliyoketi hapa.

Kifaa chenyewe

Amplifaya hii iliundwa na vijana wa karakana yetu mwaka 2023 kwa ajili ya gitaa la kwaya. Sanduku lake ni la mninga. Transfoma ya umeme ilitolewa kwenye kipaza sauti cha zamani kilichokaa stoo miaka mingi bila kazi. Transfoma ya pili, ile inayopeleka sauti kwenye spika, ilisukwa Kahama na fundi wa mota, yule yule anayesuka mota za makarasha ya wachimbaji wadogo. Valvu mbili za nguvu, aina ya EL84, zililetwa na wageni wetu kwenye mabegi yao.

Wengi mmeuliza: kwa nini valvu, wakati maduka yamejaa amplifaya za transista? Jibu la kweli ni kwamba tulitumia tulichokuwa nacho. Valvu ni teknolojia ya zamani. Ya kwanza ilitengenezwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904, na transista ilikuja mwaka 1947 kule Marekani. Lakini wapiga gitaa wengi duniani bado wanaipenda sauti ya valvu, na kwa mwanafunzi ina faida moja kubwa: kila kiungo kinaonekana kwa macho na kinapimika.

Hasara yake ni upatikanaji. Leo valvu za namna hii zinatengenezwa katika viwanda vichache tu, hasa vya Slovakia, Urusi na China, na mwaka 2022 vita vilipoanza Ukraine biashara yake iliyumba. Kahama hazipo, Shinyanga hazipo. Kwa hiyo kila jozi inayoungua hapa Isaka maana yake ni kusubiri begi la mgeni mwingine.

Jinsi valvu inavyofanya kazi

Tuombe uvumilivu kidogo, maana bila maelezo haya yanayofuata hayataeleweka.

Ndani ya kioo cha valvu mna uzi unaopashwa moto kwa volti 6.3. Uzi huo unaipasha kathodi, na kathodi ikipata moto hutoa mkondo wa umeme. Mkondo unavutwa na bati la kijivu lililo upande wa nje, liitwalo anodi, ambalo katika kifaa chetu lina volti zaidi ya 300. Katikati kuna wavu mwembamba, na wavu huo ndio koki ya bomba. Ukiwa na umeme hasi ukilinganisha na kathodi, unaubana mkondo. Ukipoteza ule uhasi, koki inabaki wazi, mkondo unamwagika, na nguvu yote ile inageuka joto kwenye anodi.

Kila valvu ina kikomo chake cha joto. EL84 inavumilia wati 12 kwenye anodi. Ikizidishiwa sana, bati lile la kijivu linakuwa jekundu kama mkaa. Tusichanganye mambo hapa: uzi wa katikati kung'aa rangi ya chungwa ni kawaida, na mwanga hafifu wa buluu kwenye kioo mara nyingi hauna ubaya. Lakini bati la kijivu kuwa jekundu ni hatari. Zima mara moja.

Yaliyotokea

Siku za mazoezi, Alhamisi jioni, amplifaya ilipiga vizuri. Jumapili, baada ya kama nusu saa ya ibada, sauti ya gitaa ilianza kulegea, mvumo ukaongezeka, na kijana wetu alipochungulia nyuma aliona valvu ya upande wa kushoto imewiva. Akazima. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni tulivyofanya sisi, watu wenye vyeti na mihuri. Kwanza tulinunua feni. Feni ilipuliza, valvu ikawiva. Pili, tulitoboa sanduku la mninga matundu zaidi. Valvu ikawiva. Tatu, tulibadilisha valvu zote mbili kwa jozi mpya, na mwezi haukuisha jozi hiyo nayo ikaharibika. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta mtu wa kulaumu.

Katika kikao cha kamati yalisemwa mambo mawili. La kwanza, kwamba fundi wa mota wa Kahama alisuka transfoma ovyo. La pili lilikuwa baya zaidi: kwamba kijana wetu wa karakana huenda aliuza valvu nzuri walizoleta wageni na kuweka mbovu. Hakuna aliyekuwa na ushahidi. Hata hivyo tuliandika katika muhtasari kwamba asimamishwe hadi uchunguzi ukamilike, na ofisi yetu ilitia sahihi. Wakati huo huo tuliwaandikia marafiki zetu wa ng'ambo kuomba jozi nyingine mbili.

Swali la mzee wa reli

Kabla ya barua ile kujibiwa, alifika karakana mzee mmoja, mstaafu wa mawasiliano ya reli, aliyezoea mitambo ya simu tangu ujana wake. Vijana wakamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba wanangu," kisha akatugeukia sisi wa ofisi na kuuliza swali moja: "Mmepima nini?"

Tukamweleza habari ya feni, matundu na valvu mpya. Akarudia, "Hayo mmefanya. Nimeuliza mmepima nini."

Hatukuwa na jibu. Katika miezi mitatu yote hiyo hakuna mtu aliyeandika hata namba moja.

Akaomba kijana aliyesimamishwa aitwe, kwa sababu ndiye aliyekijua kifaa. Kijana akaja. Kipimo cha kwanza hakikuhitaji hata mita. Baada ya kuzima na kusubiri zipoe, waliondoa valvu mbili zilizobaki wakabadilishana viti: ya kushoto ikaenda kulia, ya kulia ikaja kushoto. Wakawasha, wakasubiri. Kama ubovu ni wa valvu, wekundu ungemfuata mgonjwa hadi kiti cha kulia. Haukumfuata. Wekundu ulibaki kushoto, safari hii kwenye valvu ambayo juzi ilikuwa nzima.

Ndugu zangu, kwa dakika chache hizo kijana yule alisafishika. Valvu hazikuwa mbovu. Kiti ndicho kilichokuwa kinamuunguza kila aliyekalia.

Kilichopatikana

Ndipo wakachukua mita. Katika kifaa hiki wavu wa kila valvu unapaswa kusoma volti sifuri ukipima na bati la chini, na kathodi zote mbili, zinazotumia rezista moja ya omu 130, zinapaswa kuwa juu kwa volti kama 10. Tofauti hiyo ndiyo inayoupa wavu ule uhasi tuliousema.

Wavu wa kulia ulisoma sifuri. Wa kushoto ulisoma volti 1 kifaa kilipokuwa baridi, ukapanda polepole, na baada ya nusu saa ukafika volti 8. Kathodi zilikuwa zimefika volti 14. Mkifanya hesabu, 14 ukigawa kwa 130 unapata karibu miliampea 108 kwa valvu mbili, na sehemu kubwa ilikuwa inapita kwenye moja. Hata tukisema miliampea 70 tu ndizo zilizofika kwenye anodi ya kushoto, ukizidisha kwa volti 326 zilizokuwapo unapata karibu wati 23. Kikomo ni 12. Hakuna feni inayotibu hesabu hiyo.

Volti 8 zilitoka wapi? Kati ya valvu ndogo ya mwanzo na wavu wa valvu ya nguvu kuna kapasita. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme mwingi wa upande wa pili usivuke. Walipofungua mguu mmoja wa kapasita ya kushoto, wavu ulirudi sifuri. Kapasita ilikuwa inavuja. Kumbe ilikuwa ya karatasi na nta, imetolewa kwenye redio ya zamani ya mbao, nayo ilikuwa imelala ubavuni mwa soketi ya valvu. Kadiri ilivyopata joto ndivyo ilivyovuja, na kadiri ilivyovuja ndivyo valvu ilivyozidi joto. Kikulacho ki nguoni mwako. Waliweka mpya ya volti 630, mbali na soketi. Bei yake ni kama ya soda mbili.

Lakini mzee hakuridhika. Aliuliza kwa nini Alhamisi kifaa kinapona na Jumapili kinaumwa. Sehemu ya jibu ni muda: mazoezi ni mafupi, ibada ni ndefu. Sehemu ya pili waliipata kwenye soketi ya ukutani. Alhamisi jioni, mashine za kukoboa mpunga na za kuchomelea zikiwa kazini, umeme wa nguzo ulisoma volti 215. Jumapili asubuhi, mashine zimelala, ulisoma 247. Na transfoma yetu ilikuwa imefungwa kwenye waya wa volti 220.

Maana yake, Jumapili kila kitu ndani kilipanda kwa asilimia 12. Uzi wa volti 6.3 ulikuwa unapata zaidi ya 7, wakati kiasi cha juu kinachokubalika ni kama 6.9. Transfoma ile ya zamani ilikuwa na waya mwingine wa volti 240, haujatumika, umefungwa utepe. Walihamishia hapo, na uzi ukashuka hadi volti 6.5 Jumapili ile ile.

Hatimaye walipima transfoma ya fundi wa Kahama. Uwiano wa mizunguko ulikuwa 32 kwa 1. Mraba wa 32 ni 1,024, na ukizidisha kwa spika ya omu 8 unapata kama omu 8,200. Valvu hizi mbili zinahitaji omu 8,000. Fundi wa mota za makarasha alikuwa amefanya kazi safi, na sisi tulikuwa tumemsema vibaya.

Baada ya matengenezo, kathodi zinasoma volti 10.5, na kila anodi inabeba karibu wati 11. Zimekaa hivyo tangu wakati huo.

Utaratibu tunaoupendekeza kwa karakana zote

Kwanza, tazama. Ni valvu moja inayowiva au zote mbili? Zikiwiva zote, shuku umeme uliozidi au rezista ya kathodi. Ikiwiva moja, endelea na hatua ya pili.

Pili, badilishana viti. Wekundu ukiifuata valvu, valvu ni mbovu. Ukibaki pale pale, acha valvu, chunguza kiti.

Tatu, pima wavu. Katika kifaa cha aina hii ukiwa na volti chanya, angalia kapasita iliyo mbele yake. Pima pia rezista inayoushikiza wavu kwenye bati la chini, maana ikikatika wavu hauna pa kushikilia. Safisha miguu ya soketi.

Nne, pima kathodi, fanya hesabu ya mkondo na ya wati, uilinganishe na kikomo cha valvu uliyo nayo. Kila aina ina kikomo chake: EL34 kwa mfano ni wati 25.

Tano, pima umeme wa ukutani, si mara moja tu bali kwa nyakati mbalimbali, na hakikisha umefunga waya sahihi wa transfoma. Kifaa kilichotoka Marekani kimetengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60, na sisi tuna mizunguko 50. Hata ukishusha volti, transfoma yake inaweza kupata joto zaidi.

Sita, hakikisha spika ina omu zinazotakiwa. Kamwe usiwashe amplifaya ya valvu bila spika.

Feni na matundu vinafuata baada ya hayo yote, si kabla.

Tahadhari

Hapa tunaomba walimu wa karakana wasikie vizuri. Volti 300 zinaua. Kapasita kubwa za ndani huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kabla ya kugusa, chomoa, mwaga umeme huo kupitia rezista yenye waya uliofunikwa vizuri, kisha pima uhakikishe umeisha. Ukilazimika kupima kifaa kikiwaka, tumia mkono mmoja, wa pili uweke mfukoni, vaa viatu vikavu, na usiwe peke yako. Bati la kifaa lazima liunganishwe na waya wa ardhini. Mwanafunzi asiyejua hayo asifungue kifuniko, hata kama kwaya inasubiri.

Tunachoomba

Kwanza, tunaomba radhi. Uamuzi wa kumsimamisha kijana wetu ulifutwa kwenye kikao, lakini aliaibishwa mbele ya watu, na kufutiwa chumbani peke yake hakutoshi. Kwa hiyo tunasema hapa, mbele ya sharika zote: hakuiba kitu. Valvu nne zilizoharibika bado anazo, amezifunga kwenye kitambaa, na atawaonyesha mapumziko yakifika. Fundi wa Kahama naye tulimfuata kwenye banda lake tukamweleza. Alicheka, akatuuliza kama tuna mota ya kusuka.

Pili, kwa wafadhili wetu. Mlikuwa tayari kututumia jozi mbili zaidi, na tunawashukuru kwa moyo huo. Mngezituma, tungeziweka kwenye kiti kile kile na kuziunguza, kisha tungewaandikia tena. Tunaomba badala yake kila karakana ipate mita moja nzuri ya kupimia na kapasita mpya za akiba. Gharama yake ni ndogo kuliko valvu, na haihitaji begi la mgeni.

Tatu, kwa kamati za sharika. Karakana ya Isaka sasa ina daftari la vipimo. Kila Jumapili kabla ya ibada kijana wetu anaandika volti za ukutani, volti za kathodi, na jina la aliyepima. Tunaomba kila karakana iwe na daftari kama hilo, na kamati itakapoletewa ombi la kununua kifaa kipya badala ya kilichoharibika, mjumbe mmoja aulize swali la yule mzee kabla ya kupitisha fedha. Aulize swali hilo hilo kabla ya kuandika jina la mtu kwenye muhtasari.

Jumapili iliyopita daftari lilisoma: ukutani 246, kathodi 10.5, valvu zote mbili kijivu. Ibada ilichukua saa tatu na gitaa lilipiga mpaka wimbo wa mwisho.

Sasa tutakaribisha maswali. Kijana wetu ndiye atakayefungua kifuniko, na tunaomba watoto wakae mstari wa nyuma.